Nyumba ya Kukunja

Barnaba Lipangile alikuwa na tabia mbaya ya kutazama juu. Ukimkaribisha kwako, ukampa kigoda na ugali na perege wa kuchoma, kabla hajanawa mikono ameshalikagua paa lako, ameshaiona boriti iliyopinda, na kama mke wako hakumwahi kwa salamu, ameshakwambia. "Paa hili masika litakuangukia." Na kweli likikuangukia, yeye ndiye atakayekuja kukuinulia, huku akikukumbusha alivyosema. Watu wa Kivukoni, pale mto unapovukwa ukitoka Ifakara kwenda Mahenge, walimvumilia. Fundi wa kweli huvumiliwa hata akiwa na mdomo.

Jina la Barnaba alilipata baadaye, padri alipoanza kupita bondeni. Mke wake Tekla naye vivyo hivyo, na rafiki yake Valeriani. Katika miaka ya vita walikuwa bado na majina waliyopewa na mababu, lakini wajukuu wamewazoea kwa haya, basi na tuwaite hivyo hivyo tusichanganyane.

Alikuwa Mndamba, mtoto wa mto, na ujenzi wake haukuanzia kwenye nyumba. Ulianzia kwenye samaki. Baba yake alikuwa msukaji wa uzio wa kuvulia. Unakata matete yaliyokomaa, unayakausha, unayafunga moja moja kwa kamba za magome mpaka upate kitu kirefu kama mkeka, chenye nguvu ya kusimama. Unakikunja, unakipakia mtumbwini. Masika yakiisha na maji yakianza kurudi mtoni, unakikunjua na kukisimika kwenye mkondo, na kambale waliokwenda kutalii mashambani wanajikuta hawana pa kupitia. Msimu ukiisha unakunja uzio wako, unakwenda zako.

Barnaba akiwa bado kijana alikaa akautazama uzio wa baba yake, kisha akaitazama nyumba yao, kisha akauliza swali lililomfanya achekwe hadi alipoota ndevu. Kama nguzo ndizo zinazobeba paa, ukuta unabeba nini? Haubebi kitu. Kazi yake ni kuzuia jicho la jirani na upepo. Sasa kama haubebi kitu, kwa nini tunauzika ardhini na kuukandika udongo, halafu kila masika mto unakuja kuubomoa na sisi tunalia? Kwa nini usifungwe na kufunguliwa kama uzio?

"Nyumba ya kukunja!" alicheka Valeriani. "Kesho utatuambia na mke anakunjwa."

"Wako atakunjwa," Barnaba akamjibu, "ukiendelea kumlaza kwenye nyumba inayovuja."

Akaoa, akajenga nyumba yake ya kwanza kama watu wote, kwa sababu wazee hawakutaka kusikia habari za uzio. Ilikuwa ya udongo. Haikudumu, na kosa halikuwa la udongo.

Mwaka ule wa Maji Maji, vijana wa bondeni walinyunyiziwa dawa, wakaambiwa risasi za Wajerumani zitageuka matone, wakapanda Mahenge wakiimba. Mama yake Tekla, ambaye bonde zima lilimwita Mama Tekla, alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, Ligola, kijana wa mikono mikubwa na kicheko kikubwa zaidi. Ligola alipanda na wenzake. Risasi hazikugeuka kitu, zilibaki risasi. Waliorudi walirudi mmoja mmoja, na Ligola hakuwa miongoni mwao, wala hakuna aliyeweza kusema alimwona akianguka.

Barnaba hakupanda, na asisifiwe kwa hilo. Mtumbwi wake ndio uliokuwa ukivusha watu, akaamriwa abaki mtoni. Askari waliposhuka kulipiza, wakachoma nyumba na kuchoma maghala na kuchoma hata mpunga uliokuwa bado shambani, alikuwa pale pale na kafi mkononi. Akampakia mke wake. Akampakia na mama mkwe wake, aliyekuwa amekimbilia kwa binti yake kutoka Idete, mbele kabisa, uso ukitazama waendako na mgongo kwake. Na katikati ya mtumbwi akaweka uzio wa marehemu baba yake.

Hapa ni lazima tusimame kidogo, maana siku hizi mkisikia mwiko wa wakwe mnacheka. Chekeni. Wakati ule mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni, hakula mbele yake, hakukaa naye chini ya paa moja. Akimwona kwa mbali njiani, aliingia majanini mpaka mama apite. Haikuwa chuki hata kidogo. Huyu ndiye aliyekuzalia mke, basi hustahili kumwona anatafuna wala anajikuna kama mtu yeyote. Na wakiwa na neno la lazima la kuambiana, walimpa mtu wa tatu, au mbwa, au chungu, au chochote kilichokuwa karibu. Kila mmoja alisikia, na hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Sasa fikiria watu wa namna hiyo wamejificha kwenye kisiwa cha matete katikati ya mto, mahali pasipotosha hata kulaza ng'ombe. Barnaba akaukunjua uzio, akausimika katikati. Upande huu yeye, upande ule mama mkwe, na Tekla anapita huku na huku. Asubuhi wanawake wakihitaji nafasi ya kusafisha samaki, uzio unasogezwa upande wa Barnaba. Jioni mama akitaka kupumzika, unasogezwa tena. Waliishi hivyo miezi yote ya moshi, wakila mizizi ya yungiyungi na samaki waliopikwa kwa moto mdogo usioonekana. Mimba ya kwanza ya Tekla iliharibikia pale, kwa njaa. Barnaba alisikia mama mkwe wake akimlilia mjukuu, akasikia akimwita Ligola, akajua hata anavyokohoa akiwa na hasira na anavyokohoa akiwa na mafua. Uso wake hakuuona hata siku moja. Mwiko ulikaa mzima katikati ya nchi iliyovunjika.

Moshi ulipokwisha, Mama Tekla alitaka kitu kimoja tu: kurudishwa kwake, Idete.

"Kuna nini Idete, mama?" Tekla alilia. "Kuna majivu."

"Ligola akirudi atanitafuta wapi?" mama akajibu. "Kisiwani?"

Akarudi. Akajikunyata kwenye kibanda cha majani kando ya nyumba iliyoungua, akawa anaisubiri njia. Njaa iliyofuata vita iliwaondoa jirani zake wengi, yeye ikamwacha, labda kwa kuwa alikuwa mkaidi kuliko njaa. Tekla alikuwa akienda kila alipopata kitu cha kubeba, mwendo wa kutwa kwa miguu, na kila aliporudi Kivukoni alikuwa amepungua yeye.

Kisha akashika mimba tena. Siku alipomwambia mume wake, alimwambia na jingine.

"Mama atakuja kumpokea mtoto, kakubali. Mtoto akipata nguvu, mama anarudi Idete." Akaongeza: "Na mimi ninarudi naye, na mtoto mgongoni. Sikufichi. Nimebaki peke yangu kwake. Siwezi kumwacha afe kando ya majivu kama mbwa asiye na mwenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe una mikono miwili na miguu miwili. Njia ya Idete unaijua."

Barnaba aliijua njia ya Idete, lakini mtumbwi wake, mkondo wake na watu waliomtegemea kuvushwa walikuwa Kivukoni. Mwanamume mwingine angegomba, au angekwenda kwa wazee. Barnaba alitazama juu, kama kawaida yake, kwenye paa la kibanda walichokuwa wakikalia, na Tekla akamwona anaanza kutabasamu.

"Hataondoka," alisema. "Nitajenga nyumba ambayo mkwe na mkwe wanaishi humo mpaka wazeeke, na mwiko usiguswe hata unywele."

"Nyumba hiyo haipo."

"Ilikuwepo. Tuliishi humo pale kisiwani. Ilikosa paa tu."

Kiangazi kile akajenga. Alichagua mahali palipoinuka kidogo, akasimika nguzo za mninga ambazo mchwa huzionja na kuziacha, akaezeka paa la nyasi lililozunguka pande nne na kuacha ua wazi katikati. Upande wa mawio chumba chake na Tekla. Upande wa machweo chumba cha mama, chenye mlango wake mwenyewe wa kutokea njia ya mtoni, asilazimike kupita mbele ya mtu. Kati yao, upande mmoja jiko, upande wa pili ghala la mpunga lililoinuliwa juu ya nguzo fupi. Na kuta zote zilikuwa uzio. Uvute fundo moja, ukuta unakunjika mpaka juu, chumba kinakuwa baraza. Uushushe, baraza linakuwa chumba. Uani ulisimama uzio mrefu uliohamishwa kutoka kigingi hadi kigingi, ua ukawa wa wanawake asubuhi, wa mwanamume jioni, na siku ya wageni ukawa wa wote. Kila mlango aliutundikia kibuyu chenye kokoto ndani. Mtu akiugusa, kibuyu kinasema, na anayehusika na mwiko anapata muda wa kugeuka.

Valeriani alikuja kusaidia kufunga nyasi, akazunguka, akavuta fundo, ukuta ukapanda. Akalivuta tena. Akafanya hivyo mpaka Barnaba akamwambia aache, atachosha kamba.

"Sawa," Valeriani alisema. "Sitacheka tena. Ila mke bado hakunjwi."

Tekla peke yake ndiye aliyebaki na swali. "Umemuuliza mama anataka ikaeje?"

"Nimuulize nini? Mwiko naujua. Masika nayajua. Aje tu aone."

"Kuuliza si ujinga, Barnaba."

"Ni kupoteza muda." Na akatoka kwenda kumalizia kile alichokiona kuwa uzuri wa kazi yake yote.

Kilikuwa kitanda. Alitafuta nguzo nne za panda zilizonyooka, akazichimbia ardhini mpaka magotini, akazishindilia udongo na mawe, akalaza fito laini alizozimenya ganda na kuzisugua kwa mchanga. Kitanda kirefu kwenda juu, ili maji ya masika yakiingia yasimfikie mama. Ukikisukuma, hata paa litatikisika kabla yake. Barnaba alikikalia, akaruka ruka juu yake kama mtoto, akaridhika.

Mama Tekla aliletwa na Valeriani kwa mtumbwi, na kitu chake kimoja tu: furushi lililofungwa kwa kamba. Barnaba akaingia chumbani kwake, akashusha ukuta, akatega sikio. Alikuwa amejiandaa kusifiwa. Alimsikia mama akigongagonga nguzo. Akasikia kibuyu kikilia, na mama akicheka kidogo. Akamsikia akivuta fundo, na uzio ukipanda, na kisha "Hm" moja, na kwa wanawake wa Idete "Hm" ya namna ile si kitu cha kutupa. Barnaba akajipiga paja kwa furaha.

Kisha nyayo zikafika penye kitanda, zikasimama.

"Kitanda hiki nani amekitengeneza?"

"Mume wangu, mama," alijibu Tekla, na sauti yake ilikuwa imeshaogopa.

Barnaba alisikia nyayo zikitoka. Mama Tekla aliketi nje ya upenu, juu ya furushi lake, mgongo ukiwa kwa nyumba. Pembeni yake palikuwa na kinu cha kutwangia mpunga. Akakisemesha.

"Kinu, mwambie mwenye nyumba ahsante kwa paa. Paa ni zuri. Lakini kitanda cha mama hutengenezwa na mwanawe. Na mwanangu bado hajarudi. Akija akanikuta nimelalia kitanda cha mtu mwingine, atajua nilimzika kabla hajafa."

Barnaba alihisi uso ukiwaka, peke yake mle chumbani. Aliujua mwiko wa macho, na wa chakula, na wa njia, akajenga nyumba nzima kuukwepa, akalisahau lile ambalo hata mtoto analijua: mkwe hagusi kitanda cha mkwe. Au hakulisahau. Tekla alipoingia alimwambia waziwazi, na hakupandisha sauti.

"Katika nyumba hii kila kitu kinafunguka ila kile. Ulikichimbia ili mama asipate pa kuondokea. Si ndivyo?"

Ndivyo.

Kukichimbua kitanda kile kulimtoa jasho kuliko kukijenga. Alikuwa fundi mzuri mno. Panda zilikataa, mawe yalikataa, na muda wote mama mkwe wake alikuwa ameketi nje na mgongo wake ulionyooka, akimsikia anavyohema. Jua lilipoinama, panda ya mwisho ikatoka. Barnaba akavibeba vipande kwa mlango wa upande wake, akavitupa nyuma ya ghala. Tekla akatandika mkeka sakafuni, juu ya mashimo yaliyofukiwa, na mama akaingia.

Akalitundika furushi lake mlangoni, bila kulifungua. Kila mtu Kivukoni alijua maana yake. Alalaye kwenye mkeka na furushi limefungwa ni mgeni.

Hakukaa kama mgeni, hata hivyo. Muda si muda kinu kikasemeshwa tena. "Kinu, mwambie mwenye nyumba: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Liko wapi hilo jembe?" Barnaba alilitoa mbio, akaliegemeza mahali ambapo angelikuta, na akataka pale pale kurudi kwenye zile fito nyuma ya ghala. Tekla akamshika mkono. "Acha. Kaomba jembe. Hajaomba kitanda."

Akaacha. Na kwa sababu kuacha hakukuwa katika maumbile yake, mikono ikamwasha, basi akaanza kufanya kile alichokidharau: akauliza.

"Kinu, muulize mama, nyumba inamkaaje?"

"Kinu, mwambie moshi wa jiko lake haujui mwiko. Unakuja huku moja kwa moja, bila hodi."

Barnaba akacheka peke yake upande wake wa uzio, na upande wa pili akasikia kikohozi kile kisicho cha hasira wala cha mafua. Akaligeuza jiko. Kesho yake kinu kikasema uzio wa uani ni mrefu mno, unakata upepo. Akaupunguza, mama akaupima kwa kusimama kando yake na kuinamisha kichwa. Kinu kikasema kuku wa Barnaba wanaogopa vibuyu na hawatagi. Kinu kikasema mjamzito haketi mbele ya mlango wenye upepo, ukuta ule ukunjwe na huu ushushwe. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila mara kazi ilikuwa ya kufungua fundo na kulifunga kwingine. Nyumba ile ilibadilika mara nyingi kabla ya mvua kuliko nyumba nyingine zinavyobadilika mpaka zianguke. Barnaba, ambaye hakuwahi kumsikiliza mtu juu ya nyumba, aligundua kwamba anaingoja asubuhi ifike asikie kinu kitasema nini. Alikuwa amempenda mama yule, na hakuwa na namna ya kumwambia isipokuwa kwa kamba na matete.

Masika yakaja, mazito. Mto ukatoka kitandani mwake, ukaenea bondeni kama kawaida, ukazilamba kuta za udongo za jirani mpaka zikalala. Barnaba aliyasikia maji yakigusa nguzo ya kwanza, akasimama katikati ya ua, akaanza kuvuta mafundo. Ukuta baada ya ukuta ulipanda ukajikunja chini ya paa. Maji yakaingia upande mmoja, yakatokea upande wa pili, hayakukuta cha kugombana nacho. Wote watatu walikuwa juu ya ghala la mpunga, uzio mmoja mfupi katikati yao, na Barnaba alikuwa akicheka kwa sauti na kuusemesha mto kwa majina yasiyofaa mbele ya mkwe.

"Kinu kimezama," mama alimwambia Tekla, "la sivyo ningekituma kimwambie anyamaze."

Tekla alijifungua maji yalipoanza kupungua, mtoto wa kiume, mikononi mwa mama yake. Mikono ya mtoto ilikuwa mikubwa. Wote waliiona. Tekla alipolitaja la Ligola kuwa jina la mtoto, mama alimkatiza.

"Mwenye jina yupo."

Basi mtoto akabaki bila jina, akaitwa "huyu", na Barnaba akaelewa kwamba hajashinda kitu. Mto aliuweza. Mwiko aliuweza. Furushi lile mlangoni hakuliweza.

Njia zikakauka. Mtoto akakaza shingo. Asubuhi moja Valeriani alifika na mtumbwi, kama walivyoagana, akasimama nje akitazama vidole vya miguu yake. Tekla alikuwa ameshajifunga nguo ya safari, na vyungu vyake viwili vilikuwa kwenye kikapu. Hakulia. Alikuwa amemwambia mume wake tangu mwanzo na hakuwa mwanamke wa kugeuka.

Barnaba alikaa upande wake wa uzio. Kinu kilikuwa mahali pake, katikati, kikiwa bado na alama ya maji ubavuni. Alitaka kukituma kiseme mengi. Kiseme asiende. Kiseme Ligola hatarudi, sote tunajua, mama, hata wewe unajua. Lakini aliwahi kumfungia mwanamke yule njia mara moja kwa kitanda, na hakutaka kumfungia tena kwa maneno. Akauliza tu alichozoea kuuliza kila asubuhi.

"Kinu, muulize mama, nyumba inamkaaje leo?"

Barnaba alimsikia mama akienda mlangoni, akalishusha furushi. Akasikia kamba ikifunguliwa, fundo gumu la siku nyingi, na pumzi za mama akilihangaikia. Ndani, Tekla alivyokuja kusimulia, mlikuwa na nguo ya Ligola, ile ya kushindia shambani. Mama akaitoa, akaikunjua, akamfunika mjukuu wake aliyelala kwenye mkeka.

"Jina lake ni Ligola," alimwambia Tekla. "Mwenye jina hayupo tena."

Hapo ndipo Tekla alipolia, na Valeriani kule nje akageuka kuutazama mto. Barnaba alikuwa amefumba macho. Akasikia nyayo zikija mpaka kwenye uzio, zikasimama karibu kuliko zilivyopata kusimama.

"Mwanangu," sauti ikasema.

Akaangaza macho kutafuta inasema na nani. Sauti haikuelekea kwenye kinu.

"Mwanangu," ikarudia, "nitengenezee kitanda."

Barnaba akausogelea uzio, macho chini. "Ndiyo, mama." Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi, na kwa kuwa sasa alijua kuuliza: "Kiwe cha kuhamishika, mama? Nikifunge kwa kamba, ukitaka siku moja..."

"Hapana," mama alisema kutoka upande wa pili wa uzio. "Kichimbie. Chini kabisa, kama kile cha kwanza."

Jembe lilikuwa limeegemezwa kwa ndani, penye mkeka wa mama. Alilichukua, akalipitisha juu ya uzio, mpini ukitangulia, na Barnaba akalipokea.